Mahindi ya Kipindi cha Kwanza

Siku hizi wanaume wa kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi wakikaa mbele ya redio Jumapili mchana, wanasema mtangazaji wa zamani ndiye aliyejua kazi. Wanasema huyu wa sasa anameza maneno, hajui majina ya wachezaji, na akishindwa kueleza mchezo anaanza kusifu hali ya hewa. "Ule wa zamani," wanasema, "ule njo alikuwa mutangazaji. Ulikuwa unaona mupira na masikio." Kisha wanatikisa vichwa kama watu waliofiwa na ndugu kwa ugonjwa usiojulikana.

Mimi nakaa nao. Ugonjwa unajulikana. Niliuandika mimi, kwenye karatasi mbili za daftari, na wao ndio waliokuwa wakinitajia maneno.

Nilisoma shule ya msingi tu. Mwaka nilipomaliza ndio mwaka kampuni ya shaba ilipoanza kukosa mishahara, na baba akasema sekondari ingoje. Inangoja hadi leo. Naandika polepole, ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, kwa sababu siwezi kuliruka neno ambalo halijakaa sawa. Tena nina haya. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, jibu linakuja, linafika kooni, linakaa hapo mpaka watu wameondoka. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na mlango unaofungwa kwa nje.

Baba alikuwa mhesabu mabehewa. Alisimama pale reli ilipotokea mgodini, na kila behewa lililopita aliangusha kokoto ndani ya kopo. Kopo moja lilikuwa la mabehewa yaliyokwenda yamejaa mawe, kopo la pili la mabehewa yaliyorudi matupu. Mwisho wa zamu karani alikuja, akahesabu kokoto, akaandika. Baba hajui kuandika, lakini alijivunia kwamba kokoto zake hazikuwahi kugombana na daftari la karani. Kisha mgodi wa chini ukaporomoka. Mashine zikakosa vipuri. Mabehewa yakawa matano kwa siku, yakawa mawili, halafu reli ikaota majani, na baba akarudi nyumbani na makopo yake mawili chini ya kwapa.

Mtu aliyehesabu maisha yake yote hawezi kukaa bure. Baba alianza kumhesabu mtangazaji.

Uwanja wa mpira uko upande mwingine wa mji, na mabasi ya kampuni yaliyopeleka watu uwanjani yalikuwa yamesimama. Kwa hiyo kila Jumapili wanaume wa mstari wetu wa nyumba walikusanyika uani kwetu, kwa sababu redio ya baba ilikuwa na sauti kubwa. Walikuja na viti vyao na munkoyo, kinywaji cha mahindi, ndani ya madumu. Walikuja kusikiliza mchezo, lakini zaidi walikuja kumsema mtangazaji. Mzee mmoja, fundi wa kuchomea vyuma, alimshtaki kwamba tukifungwa anahamia Kifaransa ili tusielewe vizuri tulivyofungwa. Mama mmoja aliyeuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, langoni kwetu alisema ana pumzi ya mbuzi aliyefukuzwa shambani. Siku moja mtangazaji aliita goli, mpira ukagonga mwamba ukarudi, na fundi alikuwa amekwisha kurusha kikombe chake hewani. "Aje hapa anijazie," fundi akasema. "Na mudomo yake."

Maoni hayo niliyaandika mimi. Langoni mwa ofisi ya redio palikuwa na sanduku la mbao la barua za wasikilizaji, na kila Jumatatu jioni mtangazaji alizisoma hewani, hasa zile za kumtukana. Alizisoma kwa furaha. Aliikuza sauti pale tulipomwita jogoo anayewika saa nane mchana, kisha akajibu kwamba jogoo huwika anapoona watu wamelala. Uani kwetu watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jumatatu moja, baada ya kusoma barua yetu, alisema: "Huyu anayewaandikia watu wa kambi, simjui. Maneno yao yananiuma, lakini herufi zake zinafuatana kama mabehewa, hakuna linaloruka reli." Watu wote waligeuka kunitazama. Nilikimbilia nyuma ya jiko nikasimama huko, uso nimeuelekeza ukutani, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tena.

Mtangazaji alikaa kambini kwetu, katika nyumba ya matofali mstari wa tatu. Alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba, wakati wa Wabelgiji. Asubuhi nilimwona akipita na kiti chake cha kukunja begani, maana ofisi ya redio haikuwa tena na kiti cha kumpa. Sikuwahi kumsalimu. Alikuwa akinisalimu yeye.

Sasa mahindi. Kila mara mtangazaji alipotaja mchezaji wetu, baba aliangusha punje kwenye kopo la kushoto. Akitaja mchezaji wa wageni, punje ilikwenda kopo la kulia. Lakini mapile, yaani betri za redio, yalikuwa yameadimika. Baba aliyaanika juani kila asubuhi ili yapate nguvu kidogo, na hata hivyo yalitosha kipindi cha kwanza tu. Mapumziko yakifika alizima redio. Aliiwasha tena dakika chache kabla ya mwisho, tupate matokeo, na wakati huo watu wote walikuwa wamesimama, hakuna aliyekumbuka mahindi.

Kila Jumapili kopo la kulia lilikuwa zito zaidi. Baba aliyatikisa makopo karibu na masikio ya watu. "Sikieni benyewe," alisema. "Hii ni ya betu. Hii ni ya bageni." Wakacheka, wakanitajia barua, nikaiandika. Mtangazaji aliisoma hewani akamjibu baba: "Tata wa mahindi, njoo uwanjani. Nitakupa kiti changu, mimi nisimame." Baba hakwenda. Alisema behewa haliwezi kumwita anayelihesabu.

Nilikwenda mimi. Nilitembea mpaka uwanjani, nikakaa nyuma ya waya, hatua chache kutoka meza ya mtangazaji. Meza ilikuwa kwenye kona ya magharibi, karibu na goli, kwa sababu kebo iliyotoka ofisi ya uwanja ilikuwa fupi, haikufika katikati. Na kwa desturi ya uwanja ule, timu yetu ilianza siku zote ikilinda goli la magharibi na kushambulia la mashariki. Kwa hiyo katika kipindi cha kwanza washambuliaji wetu walikuwa mbali naye, ndani ya vumbi, wamempa mgongo, na namba za jezi zao zilikuwa zimefutika kwa kufuliwa miaka mitatu. Aliona jezi tu. Alisema "vijana wetu wanapanda, vijana wetu bado wanapanda." Wageni walikuja wakimwelekea, jua likiwamulika usoni, naye aliwataja mmoja mmoja. Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli. Sasa wetu ndio waliokuja mbele yake, na aliwataja kwa majina yao, majina ya baba zao na mitaa waliyolelewa. Nilikuwa na punje mfukoni. Nilihesabu kama baba, mfuko wa kushoto na mfuko wa kulia, mpaka filimbi ya mwisho. Zilikaribiana. Za wetu zilizidi kwa punje sita.

Sikumwambia baba. Nilifikiri: kumwambia mbele ya watu ni kumvua nguo. Nikibaki naye peke yake nitamwambia. Nilibaki naye peke yake mara nyingi.

Kisha ikaja miezi ile. Kutoka Lubumbashi zilikuja hotuba kwamba watu wa Kasai wamekula kazi za wenye nchi, kwamba mgodi umekufa kwa sababu yao, kwamba warudi kwao. Vijana wa chama kilichoeneza hotuba hizo walisimama kwenye njia panda na fimbo. Waliwaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu. Watu waliokuwa wamesoma nao darasa moja. Tuliona familia zikielekea stesheni na magodoro kichwani. Mabehewa yalikuwa yamerudi, lakini hayakubeba mawe.

Uani kwetu makopo yaliacha kuwa mchezo. Jumapili moja Mwenyekiti alikuja na karatasi zake mwenyewe. Mwenyekiti wa wasikilizaji: cheo hicho alijipa. Alikuwa mtu mpole wa suruali iliyopigwa pasi, na alikaa na mke na watoto sita katika nyumba ya chumba kimoja mwisho wa mstari wetu, paa likivuja. Siku hiyo tulicheza na timu ya Likasi. Mapumziko yalipofika baba akazima redio, na Mwenyekiti akanivutia kigoda.

"Andika," akasema. "Sisi basikilizaji ba kambi, tumehesabia."

"Tia na hesabu," fundi akasema. "Bintu ya wazi wazi."

Baba akamwaga makopo juu ya mkeka. Kumi na tisa za wetu. Arobaini na saba za wageni.

"Tata, hauongope?" Mwenyekiti akauliza, kwa heshima.

"Kokoto haikuniongopeaka," baba akasema. "Mahindi nayo haiongope."

"Basi andika: mutangazaji uyu anasaidia bandugu yake, roho yake haiko hapa."

Mama muuza sombe alikuwa anafunga mafungu yake. "Lakini ile ekipe ya leo imetoka Likasi," akasema. "Batu ba Likasi banakuwa Bakasai tangu lini? Na mulinda-goli wetu, kwao ni wapi?"

"Mama, we uza sombe," fundi akasema.

Walicheka. Lakini yule muuza sombe alikuwa amesema kweli: golikipa wetu mwenyewe babu yake alitoka Kasai, na Jumapili iliyotangulia walikuwa wamemwimba.

Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na maneno matatu kooni. Kipindi cha pili. Nilimtazama baba. Alikuwa anakusanya punje zake kwa uangalifu, zisipotee, na kwa mara ya kwanza tangu reli iote majani uso wake ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

"Kalamu imelala?" Mwenyekiti akauliza.

Nikaandika. Niliandika nakala mbili, moja ya mkubwa wa redio na moja ya vijana wa chama, na jua lilikuwa linashuka bado naandika. "Mwana uyu anaandika sawa vile anazika muntu," fundi akasema, na watu wakacheka tena. Herufi zilifuatana. Hakuna iliyoruka reli.

Jumatatu jioni barua hazikusomwa hewani. Walipiga muziki. Jumanne asubuhi vijana wa chama walisimama mbele ya nyumba ya matofali, wakamwambia mtangazaji wasimkute Jumamosi. Mke wake alikuwa anaanika nepi. Mmoja wa vijana alishika karatasi, na kutoka kwetu sikuweza kuona maandishi, lakini karatasi ilikuwa yangu.

Nilianza barua nyingine siku hiyo hiyo. Nilijua kama barua moja imemtoa, barua nyingine inaweza kumrudisha, au angalau kumpa muda. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na simlaumu mtu akinicheka. Nilieleza kebo fupi, kona ya magharibi, jezi zilizofutika, mifuko yangu miwili. Yote hayo niliyamaliza Jumatano. Lakini mahali pa kueleza kwamba baba alihesabu nusu ya mchezo, nilikwama. Niliandika "baba yangu alikosea," nikachana. Niliandika "mhesabu hakusikia yote," nikachana. Alhamisi yote na Ijumaa yote nilitafuta neno ambalo litamwokoa mtangazaji na lisimwangushe baba. Halipo. Jumamosi asubuhi niliandika tu: baba alizima redio kwa ajili ya mapile.

Sanduku la barua langoni mwa redio lilikuwa limeng'olewa; misumari ilibaki. Nikaenda kwenye nyumba ya matofali. Mlango ulikuwa wazi na mke wa Mwenyekiti alikuwa anafagia kibaraza.

"Unatafuta nani, mwana?"

Nilijikaza. "Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba iko naoga," akasema, akaendelea kufagia. Ndani nilisikia maji, na Mwenyekiti akiimba.

Niliondoka nikiwa na hasira ambayo bado ninayo. Si kwa yule mama; alikuwa na watoto sita na sasa paa halikuvuja. Hasira kwa ule wimbo. Alikuwa na sauti nzuri.

Stesheni ilikuwa imekuwa mji. Watu walikaa juu ya mashuka na milango waliyong'oa nyumbani kwao, wakingoja treni ya kuwapitisha Tenke na kuwapandisha Kamina mpaka Kasai, ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Wengine walikuwa na wiki tatu pale. Watoto walikohoa. Nilimkuta mtangazaji karibu na tangi la maji, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, mtoto mchanga mapajani. Mzee mmoja aliyelala karibu alikuwa anamtania: "Mutangazaji, kazi yako ni gani hapa? Tutangazie treni."

"Treni haiyaingia mu uwanja, tata," akajibu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Nilimpa barua. Alinipa mtoto nimshike, akasoma. Alisoma polepole, karibu kama mimi ninavyoandika. Alipofika mwisho alirudi akasoma tena pale pa kebo.

"Mwandiko huu ninaujua," akasema. "Ule mwingine nao walinionyesha."

Mtoto alinishika kidole.

"Ulijua tangu lini, mambo ya kipindi cha pili?"

"Tangu mbele ya mvua kuanza."

"Na walipokutajia maneno ya ile barua, ulikuwa pale unajua?"

"Nilikuwa."

"Juu ya nini haukusema? Ni maneno tatu tu."

Alinisubiri. Mtu ambaye kazi yake ni kusema bila kunyamaza dakika tisini alikaa kimya akinisubiri. Angenitukana ingekuwa nafuu. Aliikunja barua, akamchukua mtoto wake, akanirudishia karatasi.

"Musomee baba yako," akasema. "Mi siyo wa kuambiwa hii. Mi nilikuwa pale."

Nilimsomea baba kesho yake asubuhi, nyuma ya nyumba, tukiwa wawili. Ilikuwa Jumapili na mapile yalikuwa juani. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza reli. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale pa kubadilisha magoli." Nikasoma.

"Behewa inakwenda, inarudi," akasema mwishowe. "Miaka yote nilikuwa na kopo ya kwenda na kopo ya kurudia. Mi njo wa kusahau hii?" Kisha akanitazama, na macho yake hayakuwa ya huruma. "Na we ulikuwa nayo mu mufuko."

Mchana wanaume walipokuja, makopo hayakuwapo. Mama alikuwa ametwanga yale mahindi, tukayala bukari, ugali wa kwetu. Baba aliwaambia hesabu ilikuwa ya nusu ya mchezo, kwamba alikosea. Fundi alisema, "Ah, tata, ilishapita." Mwenyekiti hakuwapo, sasa alisikiliza kwake. Mtangazaji mpya aliwataja vijana wetu peke yao tangu mwanzo. Wageni hakuwataja hata mara moja. Tulifungwa mawili, na hadi leo hakuna mtu kambini anayejua ni nani aliyetufunga.

Treni iliyomchukua mtangazaji ilipita Tenke siku ya kumi baada ya Jumamosi ile. Tulisikia kwamba njiani watoto walizikwa kando ya reli. Sikusikia ni wa nani. Sijapata habari yake tena.

Na sasa wanamsifu. Jumapili iliyopita walimsifu mpaka mapumziko, pumzi yake, majina yake, hata Kifaransa chake. Baba aliinuka akaingia ndani. Fundi akanigeukia, mkono begani mwangu, kama mtu aliyepata wazo zuri.

"We mwana wa kuandika," akasema. "Uandikie ba redio. Uba-ambie basikilizaji banaomba ule wa zamani arudie. Andika na ule mukono yako ya muzuri."

Wengine wakaitikia. Mmoja alikwishaanza kunitajia: Sisi basikilizaji ba kambi.

Kalamu ilikuwa mfukoni. Jibu lilikuja, likafika kooni, na safari hii halikukaa. "Andikeni benyewe," nikasema. Ni maneno mawili. Hayakunichukua hata pumzi moja.